Nyuki kwenye Tundu la Friji

Jumanne. Jua limeshuka, vumbi limebaki hewani, mvua bado inatutania.

Hakuna mtu mwenye bahati kama mimi, kutoka hapa Tabora mpaka Kigoma. Nyuki wenyewe, bila kuitwa, wameacha miti yote ya Unyamwezi wakaja kukaa kwenye gari langu. Nyuki hawamwendei mtu wa hivi hivi. Nimewaambia wote kituoni, sokoni nikarudia, na ambaye hakusikia basi ni kiziwi.

Marehemu baba alitundika mizinga maisha yake yote, hawakumfuata nyumbani hata siku moja. Mimi niliyeishia darasa la nne, tena mlangoni, wamenifuata mpaka gereji.

Haya. Sasa niandike vizuri.

Gari ninaloendesha ni kliniki yenye magurudumu. Mgongoni lina chumba, na ndani mna kitanda, jiko, na friji ya mafuta ya taa ya kutunzia chanjo. Friji hiyo inapoa kwa moto. Ukimweleza mtu anadhani umelewa. Utambi unawaka chini, na moto unavuta hewa kwenye tundu lililoko ubavuni mwa gari. Tundu likiziba, moto unakufa. Moto ukifa, dawa inapata joto, na chanjo ya surua ikishapata joto ni maji tu.

Mwezi uliopita nyigu walianza kujenga vijumba vyao vya udongo humo tunduni. Bibi Zuhura, nesi wetu, mtoto wa mjini hapa hapa, akaniambia nifunge wavu wa waya.

"Kwa skrubu, Maganga. Siyo kwa maneno."

Skrubu hakuna dukani, kama vile sabuni hakuna na sukari hakuna. Ningesubiri. Lakini mimi mtoto wa mrina asali nishindwe kuziba kitundu? Nikachukua nta, nikabandika wavu pande zote nne, nikajisifu wiki nzima.

Mtoto wa mrina asali! Tangu nikiwa mdogo nilimwona baba akipaka nta kwenye mlango wa mzinga mtupu, ili nyuki wanuse, waje.

Jumamosi jua likalainisha nta, wavu ukaning'inia. Jumapili adhuhuri nikakuta kundi zima limeshaingia. Dawa yao ni moshi, saa ile ile. Mimi nikawaacha, nikaenda kuita watu waje waone bahati yangu.

Jumatatu alfajiri moto ulikuwa umekufa.

Barafu imekuwa maji. Nikagusa vichupa vya chanjo: vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa.

Nikawafukiza nyuki, nikawahamishia kwenye mzinga wa gome. Nikasafisha tundu, nikawasha utambi, nikafuta maji yote. Leo asubuhi friji ilikuwa baridi tena, na kipimajoto kikawa shahidi wangu wa uongo.

Bibi Zuhura aliuliza. Siwezi kusema hakuuliza.

"Na hao nyuki wako, moto haukuzimika?"

"Moto wangu mimi, Bibi? Huo hata masika hayauwezi."

"Wewe utazikwa unaongea," akasema, akacheka, akapanda gari.

Pale ndipo ningesema. Nikatia gia.

Tulikwenda kijiji kipya, upande wa Ulyankulu. Kipande cha barabara ile ndiyo njia ya wapagazi, babu yangu aliipita na pembe ya ndovu begani kwenda pwani. Naye alikuwa na majigambo, nasikia. Lakini mzigo wake ulifika mzima.

Nyumba za kijiji zimepangwa mistari kama gwaride, na akina mama nao wamejipanga mstari wakitusubiri. Bibi Zuhura akachoma sindano tangu asubuhi mpaka mkono ukamuuma. Watoto wakalia. Mimi nikakaa kwenye usukani, nikikosa hata utani mmoja. Mwenyekiti wa kijiji akaniuliza, "Ndugu dereva, unaumwa?"

Mama mmoja alikuja dirishani na mtoto mgongoni, kafunga karanga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo, baba wa gari."

"Marahaba."

"Chukua hizi. Kule tulikokuwa kabla ya kuhamishiwa hapa, surua ilinichukulia wawili. Huyu ndiye aliyebaki." Akampigapiga mtoto matakoni. "Leo sasa nitalala."

"Lala, mama," nikamjibu. "Lala kabisa."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu.

Karanga ziko hapa mezani. Sijala hata moja.

Nimejaribu kujiambia labda dawa ilivumilia. Labda vichupa vya katikati havikupata joto sana. Lakini mimi ndiye niliyevishika. Mkono wangu unajua.

Kesho, kabla Bibi Zuhura hajafungua friji, nitamwambia yote. Atanitukana, ana haki. Wakitaka leseni wachukue. Lakini turudi kule na dawa nzima, watoto wote wachomwe upya, na yule mama nimwambie mimi mwenyewe, machoni, kwamba asilale bado.

Na ile bahati niliyoianza nayo juu? Haipo. Nyuki hawakunichagua. Niliwaita kwa nta, kwa mkono wangu huu. Nilidanganya.