Kwa Nini Napanda Mpunga Mahali Pawili

Mjukuu wangu Hodan,

Asalaam aleikum. Hapa Kotile sote wazima, alhamdulillahi, na mbuzi wa mama yako amezaa pacha.

Umeniuliza kwa nini napanda mpunga mahali pawili. Mwaka wa mvua za Elnino, babu yako alitaka mbegu yote iende bondeni, kando ya mto, penye rutuba. Mama yake akamkataza.

"Nusu ipande kule juu. Mto ukija, utakula nini?"

Alinuna, lakini akatii. Tana ikafurika, ikabeba shamba lote la bondeni. Kule juu tulivuna kidogo, tukala, na mbegu ikabaki. Wali wa kwanza alimpelekea mama yake, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe.

Bado namwombea dua bibi yule.

Ayeeyo wako,
Bibi Amina