Taa ya Buluu kwenye Dirisha la Kinyozi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa sababu ya umri
Umri: miaka 16
Kazi: mwanafunzi wa sekondari
Makazi: vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, anaishi na mama yake
Yameandikwa Jumatatu tarehe 17, saa 9:20 alasiri, mama mzazi akiwepo

Sikuitwa na mtu, nimekuja mwenyewe. Fundi viatu anayefanya kazi kibarazani kwa baba mdogo wangu yuko humu ndani tangu asubuhi, na hajafanya kosa lolote. Naomba hilo liandikwe kwanza. Kioo cha saluni nilikivunja mimi.

Afande amenitaka nianze mwanzo. Mwanzo ni kobe wawili wachanga, Punje na Kokwa, kila mmoja mdogo kuliko kiganja changu. Nilikabidhiwa na daktari wa mifugo ninayemsaidia kila Jumamosi, na kibali ninacho kwenye mkoba. Tulipohamia vyumba viwili, mama alisema boksi lao halina pa kukaa. Baba mdogo, ambaye ni kinyozi, akasema, "Walete saluni, Profesa. Nitawajengea nyumba mpaka wewe mwenyewe utake kuhamia." Ananiita Profesa tangu nianze kuvaa miwani.

Nilimwandikia karatasi moja, pande zote mbili. Boksi liwe la mbao, si la kioo, kwa sababu kobe mchanga haelewi kioo. Anaona njia, anaisukuma siku nzima mpaka anaishiwa nguvu. Udongo wenye unyevu, kina cha vidole vinne. Maji kwenye sahani ya kina kifupi asije akazama. Upande mmoja uwe na joto, mwingine upoe, na pawepo mahali pa kujificha. Taa iwe ile ya reptilia, inayotoa miale ya urujuanimno, kama ile ya jua, kwa kiasi wanachohitaji, ambayo daktari alinipa na ambayo niliiweka kwenye mfuko uleule. Neno "ile" nililipigia mstari.

Jumamosi tarehe 15, saa 10:00 jioni, nilipeleka kila kitu. Fundi viatu aliomba kuiona karatasi, akaisoma yote, pande zote mbili, kisha akanipa kiatu cha mtoto ambacho mwenyewe hakurudi kukichukua. "Hili pango lao," akasema. Ndani, baba mdogo alikuwa na mteja mwenye mapovu mpaka masikioni. "Weka hapo. Seremala analeta boksi sasa hivi." Nilitaka kumsubiri seremala. Mteja akasema, "Binti, kobe wenyewe hawana haraka, wewe una haraka ya nini?" Wakacheka wote wawili. Mimi nikichekwa huwa naondoka. Niliondoka.

Jumapili nilimpigia simu. Alijibu, "Wanakula kuliko wewe."

Leo saa 12:50 asubuhi, nikienda shule, nilipita saluni. Ilikuwa imefungwa, Jumatatu hufunguliwa saa 4:00. Dirishani, nyuma ya kioo, palikuwa na tangi la samaki. Hapakuwa na udongo. Palitandikwa taulo la kunyolea. Kiatu kilikuwa sakafuni, na taa yangu ilikuwa bado kwenye pakiti yake. Juu ya tangi iliwaka taa ya buluu, nami niliitambua. Ni ya kile kisanduku cha kuulia vijidudu kwenye mashine za kunyolea. Nayo hutoa miale ya urujuanimno, lakini mikali mno, kazi yake ni kuua. Kisanduku chenyewe kimebandikwa onyo: usitazame mwanga huu. Baba mdogo hulisoma kila siku.

Kokwa alikuwa pembeni akisukuma kioo, macho yamevimba na kufumba. Punje hakuwa akisukuma chochote.

Nilipiga simu mara nne. Ya nne, saa 12:54, alipokea. Nilimwambia taa inawachoma, aje afungue.

"Si uliandika miale? Miale ni miale. Nikiamka nitakuja."

Nikasema hawana muda huo.

"Profesa, hao ni kobe, si wagonjwa wa hospitali." Akakata.

Fundi viatu huacha sanduku lake la vifaa chini ya benchi, bila kufuli. Yeye hufika saa 2:00, kwa hiyo hakuwepo. Nilichukua nyundo yake. Nilipiga kioo cha dirisha mara mbili. Mara ya kwanza nilipiga kwa woga. Nilichukua kobe wote wawili na taa yangu, basi. Nyundo ilibaki ndani kwa sababu mikono yangu ilijaa. Ninaomba radhi kwa kuiacha nyundo. Kwa kioo siombi.

Saa 1:40 nilifika kwa daktari. Punje alikuwa ameshakufa. Kokwa ametiwa dawa, na daktari anasema huenda jicho moja litapona. Nikaenda shule. Palikuwa na jaribio la kemia, sijui niliandika nini.

Saa 8:15 mchana mama alinieleza kuwa fundi viatu amekamatwa kwa sababu ya nyundo. Nilimpigia baba mdogo palepale. Akasema, "Nyamaza tu, mwanangu, nimekuficha. Wewe soma."

Naomba sehemu hii iandikwe kama ninavyoisema. Baba mdogo alijua. Mashine zote zipo, droo ya fedha haikuguswa, kilichokosekana ni kobe na taa yao tu, na nilikuwa nimempigia simu dakika chache kabla. Alisimama hapa kituoni akawaonyesha nyundo ya mtu mwingine. Tangu mwaka jana anataka fundi viatu aondoke kibarazani, anasema harufu ya gundi inafukuza wateja. Halafu anataka mimi nimshukuru. Sijawahi kumjibu baba mdogo maishani mwangu. Leo nilimjibu, na mama amesema niliyomwambia nisiyarudie mbele ya afande.

Sina la kuongeza. Nimesomewa haya yote na ndivyo ilivyokuwa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)
Sahihi ya mzazi: (imewekwa)

Maelezo ya askari: Shahidi amefanya sahihisho moja. Nilikuwa nimeandika "baba mdogo alidhani". Ameomba lifutwe na kuandikwa "alijua", na ameweka sahihi pembeni. Muda wote wa kuandika, kobe aliye hai, ambaye shahidi alikuja naye kutoka kwa daktari, aliwekwa kwenye droo ya meza hii, ambayo ni ya mbao. Simu ya saa 12:54 nimeiona. Mlalamikaji ameitwa aje kutoa maelezo mapya. Fundi viatu ameachiwa saa 10:35. Alidai nyundo yake, nikamweleza kuwa ni kielelezo. Amesema ikae tu, imeshafanya kazi.