Mama, Hata Kijiwe Ulinificha?

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa hapa kwako Usenge, nimekaa mlangoni mwa jiko lako, na nimekasirika. Nakwambia mapema ili usije ukadhani hii ni barua ya machozi. Machozi nilimaliza siku tuliyokuzika.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Mimi ndiye niliyeloweka mbegu za kunde tangu jana yake. Mimi ndiye niliyezisugua kwenye beseni mpaka maganda yakaelea, nikayamwaga, nikasugua tena, vidole vikanywea. Nilipiga magoti kwenye jiwe, nikasaga mpaka mgongo ukawaka moto. Majani ya mgomba nilikata mimi, nikayapitisha juu ya moto yalainike yasipasuke. Halafu, kazi yote ngumu ikishaisha na imebaki kuchanganya, kufunga kwenye majani na kuvukiza tu, ulikuwa unasema nini?

"Sasa toka nje. Funga mlango."

Nikakuuliza siku moja kwa nini, nami nilikuwa bado msichana mdogo wa kuvaa sare. Hukuona hata haya. Ulisema, "Wewe utaolewa. Unataka nikufundishe, uende na mapishi ya hii boma kwa watu?"

Kwa watu! Nilizaliwa kwenye hii boma, Mama. Nilikuwa nimebeba maji yake kichwani kabla sijajua kuandika jina langu.

Nikakaa nje kwenye udongo, nikanusa samli na vitunguu kupitia nyufa za mlango. Ulipofungua, uliniwekea fungu langu mkononi, la moto, na ukanipulizia vidole. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ungekuwa mama mbaya ningekusahau kwa urahisi.

Kisha kaka yangu Ouma akaoa. Mkewe, Akinyi, hakuwa amemaliza hata mwezi kwetu, ukamwita jikoni na ukafunga mlango, wewe na yeye ndani. Mimi nilikuwa nimekuja kukusalimu kutoka Kondele nilikoolewa, na mtoto mgongoni. Nilikaa palepale kwenye udongo wangu wa zamani, nikawasikia mkicheka. Niliondoka bila kuaga, nawe hukuniuliza kamwe kwa nini.

Sasa sikia matunda ya hekima yako. Tangu uende, Baba hali. Tunamwekea ugali na samaki, anamega mara moja, ananawa mikono. Suruali anaifunga kwa kamba. Nilipomsihi aseme anachotaka, alisema anataka kunde za majani ya mgomba, zile za mama yenu, basi.

Nikampigia Akinyi simu. Unajua alishaachana na Ouma, sasa anaishi Nakuru. Nilimeza mate na kumwomba anifundishe.

"Dada, mimi hata sikumbuki," akasema. "Huyo mama alikuwa ananisimamia na mwiko, mimi nilikuwa naogopa tu. Nacheka ndio asikasirike. Na hizo vitu za majani zina kazi mingi. Siku hizi mimi nauza chipo."

Umesikia? Anauza chipsi. Uliyemfungulia mlango hakumbuki, na uliyemfungia nje ndiye anayehangaika.

Nikaanza peke yangu. Kuloweka, kusugua na kusaga nilikuwa najua. Samli nilikisia kwa pua. Nilitandika vikonyo vya majani chini ya sufuria, nikaweka maji, nikapanga mafungu, nikafunika. Mara ya kwanza maji yalikauka nami sijui, chini pakaungua na moshi ukaingia mpaka ndani ya kunde. Baba alionja, akatema kwa heshima. Nikajaribu tena. Kila nilipofunua kuchungulia maji, mvuke ulitoka, na kunde zikabaki mbichi katikati.

Mara ya tatu Baba alikuwa amekaa nje na redio yake. Akaniita.

"Mbona leo haigongi?"

"Nini haigongi, Baba?"

"Hiyo kitu ya mama yenu. Ilikuwa inagonga ndani ya sufuria, ti-ti-ti, mpaka chakula inaiva. Ikinyamaza, anaongeza maji."

Nikasimama hapo na mwiko mkononi. Miaka yote ile nje ya mlango niliusikia huo mlio, nikadhani ni sufuria mbovu tu. Nikarudi ndani kutafuta kilichokuwa kikigonga. Kilikuwa juu ya ukingo wa dirisha, kijiwe laini cha ufuoni, kile ambacho wiki nzima nimekuwa nikikisogeza nikipangusa vumbi.

Hata kijiwe, Mama! Ningekipeleka kwa watu gani, na ufuo mzima umejaa vijiwe?

Nilikitumbukiza chini ya maji, nikafunika, nikachochea. Kikaanza kugonga. Huko nje Baba akazima redio.

Tulikaa, yeye nje na mimi ndani, tukikisikiliza. Kiliponyamaza nikaongeza maji kabla hajaniambia. Zilipoiva nilimfungulia fungu moja kwenye sahani. Akala taratibu, akakunja jani, akalilamba pembeni.

"Chumvi imezidi kidogo," akasema, kisha akanyoosha sahani nimwongeze.

Nilifurahi, Mama, na katikati ya ile furaha nikakasirika upya, kwa sababu wewe ndiye uliyepaswa kuniambia kwamba chumvi imezidi.

Jana nilimwita fundi, akaung'oa mlango wa jiko lako. Ouma alikuja mbio akipiga kelele, "Hii ni nyumba ya marehemu! Unataka kutuletea chira?" Nikamwambia laana ikija, aielekeze kwangu, itanikuta jikoni. Baba alikuwa anatafuna, hakuinua hata kichwa.

Kesho wasichana wangu wanakuja kutoka Kondele niwafundishe. Na wao wataolewa, waende na mapishi kwa watu wapendavyo, na kijiwe wataokota wenyewe ufuoni.

Pumzika, ukiweza.

Ni mimi, binti yako wa nje ya mlango.