Kokwa ya Tende Chini ya Kioo

Baba Zuhura,

Assalaamu alaikum warahmatullah. Ikiwa barua hii imekukuta una kikombe mkononi, malizia kwanza chai yako, ndipo usome. Haikutoroki.

Sikuitia katika bahasha. Dada yako Kazija, ambaye ndiye mchukuzi, alipoiona alinicheka. "Wifi, barua inakwenda mpaka Mombasa, haina hata nguo?" Nikamwambia aisome yeye mwenyewe, na akitaka awasomee abiria wenzake. Mimi si mkeo tena, na mwanamke hamfungii barua mwanamume asiye wake. Yaliyomo humu Mwenyezi Mungu anayajua, basi na watu wayajue.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanetu anaolewa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha, na kijana wa Shumba mwenye dini yake na haya yake. Ulimpigia simu ukamwambia kuwa utampa mdogo wako uwakili amwozeshe kwa niaba yako. Sheria inaruhusu, sikatai. Lakini mtoto alipokata simu alinifuata jikoni, akaniambia, "Mama, mie niozwe kwa simu kama mtu anayeagiza kitambaa?" Niliendelea kukuna nazi.

Nakuomba uje mwenyewe. Nimeshalisema. Sasa niache nikukumbushe mambo, nawe uyapime.

Unaikumbuka arubaini ya Zuhura? Mimi mtoto wa kisiwani Fundo, nimekua bahari iko mlangoni, kisha nimo Vitongoji, chumba cha ndani, mafusho na uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, mlango sivuki. Nikakwambia kwa mzaha kwamba naota nimekaa chini ya maji, samaki wananipita masikioni. Hukucheka. Kazi yako ilikuwa vioo, na siku hizo ulikuwa ukitia madirisha ya watu mjini Chake. Vipande vilivyobaki ukavileta nyumbani kimoja kimoja, umevifunga kwenye kanga zangu kuukuu, mpaka siku moja ukanishika mkono ukanitoa ukumbini. Juu ya meza palikuwa na tangi la kioo limejaa maji ya pwani, na ndani yake samaki wawili, kitatange, manjano kama manjano yenyewe, wanazunguka jiwe.

"Bahari umeikosa," ukasema. "Nayo imekuja kukupa hongera ya uzazi."

Mwanga wa dirishani ulikuwa ukipita majini ukapanda darini, ukawa unachezacheza. Mtoto alikuwa hajajua kutazama kitu, lakini ule mwanga aliutazama. Mpaka leo nikifumba macho naiona dari ile inatikisika, nami nimo chini yake, na sijui kama nimelala au niko macho.

Kitatange walikufa baada ya siku tano. Ukaleta wengine, wakafa. Maji yakawa yananuka, ukaona haya hata mbele ya wageni. Ndipo yule Mzungu mpiga mbizi uliyemtilia kioo cha chumba chake alipokupa karatasi yenye picha. Maneno yake hatukuyajua. Mimi skuli niliishia kidato cha pili, na wewe hukufika huko. Tulisoma mishale. Mishale ilikuwa ikisema kwamba maji ya juu yashuke kwa bomba kwenye tangi la pili, chini ya meza. Humo yakute vioo vitatu vimesimama kama kuta. Ukuta wa kwanza yaupande, wa pili yaupite chini, wa tatu yaupande tena. Yanapopanda na kushuka hivyo, taka zinatua, mapovu yanakatika, na yanayofika mwisho ni maji yaliyotulia. Hapo pampu inayarudisha juu.

Ulikikata kioo Ramadhani, mchana, umefunga. Ile gundi yako ya vioo ilinuka siki, nami nilikuwa nikiipitia mbali maana ilinitamanisha achari. Ule ukuta wa pili ndio uliotushinda, kwa sababu haukutakiwa kugusa chini, na gundi haijakauka, nani ataushika hewani mpaka kesho? Tukafuturu. Nikakuona umetoa kokwa mdomoni, unaigeuzageuza vidoleni.

"Lete kokwa nne."

"Bado hujashiba?"

"Lete, mwanamke. Ukuta umepata miguu."

Ukazisimamisha kokwa nne za tende, ukazishikiza kwa udongo, kioo kikakaa juu yake. Asubuhi tatu zikatoka, ya nne ilikuwa imenata kwenye gundi. Uliivuta kwa koleo, ikagoma. Ukasema, "Muache, naye kashafanya makazi."

Na yale makosa yetu ya chumvi, Baba Zuhura! Kila siku maji yalikuwa yakipungua pale pembeni penye pampu, na kila siku ulikwenda pwani na ndoo kuyajaliza. Nani angefikiri vingine? Samaki wa baharini apewe maji ya bahari. Samaki wakaanza kuhema juu juu. Mama yangu, Mungu amrehemu, ambaye ujanani alikuwa akichemsha chumvi, alikuja kututazama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kioo, akakilamba.

"Mnawapika au mnawafuga?" akauliza. "Mkwe wangu, yanayoruka ni maji. Chumvi haina mabawa. Tieni ya kisimani."

Tangu siku hiyo ndoo ilikuwa ya kisimani, na samaki wakaishi.

Kisha ukachora ule mstari. Kwa almasi yako ya kukatia vioo, kwenye tangi la chini, shibiri nzima kutoka juu. Nikakuuliza kwa nini tusilijaze, nafasi yote hiyo ya nini? Ukaniita nichutame karibu yako. "Umeme ukizimika, maji ya juu yatashuka yote yanayotaka kushuka. Yasipopata pa kukaa, yatakaa kwenye busati lako. Basi tukitia maji, yasipite mstari huu."

Sasa nafika pale ambapo sote wawili hatupapendi.

Miaka ile ya vyama iliingia mpaka jikoni. Mtu alikuwa haendi duka la mwenziwe, haitikii salamu, maiti hazikwi na jirani. Ami aliyenilea alikuwa wa bendera ile, wewe wa bendera hii. Alipofariki, nilitafuta buibui langu, nawe ukasimama mlangoni. Ukasema, "Ukitia mguu nyumba ile, umeachika. Talaka moja." Nilikutazama. Nikapita ubavuni mwako, nikaenda kumlilia ami yangu.

Niliporudi ulikuwa umekaa mbele ya tangi. "Umekwenda?" "Nimekwenda."

Nilikaa eda nyumbani mwako kama dini ilivyoamrisha. Miezi mitatu, wewe ukumbini, mimi chumbani, na katikati yetu sauti ya maji tu, yanashuka, yanapanda. Neno moja lako la kunirejea lilitosha. Wewe ulikuwa ukingoja niombe radhi, mimi nikingoja uombe wewe.

Lakini kuna jambo nimelificha miaka yote, nalo ndilo linalonifanya niandike. Siku moja baada ya alasiri umeme ulizimika. Pampu ikanyamaza, nyumba nzima ikanyamaza. Sote tukatazama chini ya meza. Maji yakashuka, yakapita mstari, yakapanda, yakasimama kidole kimoja tu chini ya ukingo. Hata tone halikumwagika. Ukasema taratibu, "Yamepata pa kukaa." Ukageuza uso kunitazama, mdomo wako umefunguka. Nilijua unataka kusema nini, wallahi nilijua. Nikachukua beseni nikatoka kwenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Eda ikaisha. Nyumba ukatuachia, nawe ukavuka.

Watu wanasema ulituacha. Mimi nimewaacha waseme, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo. Nisamehe kwa lile beseni. Kosa lako nililisamehe zamani, hata sikumbuki lini. Huenda ni katika sijda, huenda nilikuwa nikitia maji ya kisimani.

Tangi lipo. Gundi nimeirudia mara mbili, nimejifunza kwa kuukumbuka mkono wako. Kitatange wa leo ni mmoja, mkorofi, ananijua. Nikikaa jioni na tasbihi yangu, mwanga unapanda darini vilevile, na mara nyingine nasikia mtu anaburura kioo ukumbini. Nainuka kutazama. Hakuna mtu. Kokwa ipo pale pale chini ya ukuta, imekuwa nyeusi. Zuhura alipokuwa mdogo aliniuliza itaota lini.

Wakwe zetu wa Shumba walitaka kuziona karatasi zetu, nikaitoa ile ya talaka ndani ya msahafu nilimoiweka. Imeandikwa moja, si tatu. Mimi sijaolewa tena. Sisemi zaidi, kwa sababu Kazija anasoma, na anayeozwa ni mtoto.

Njoo umshike mkono mumewe, umwozeshe kwa mdomo wako. Watakuwepo wa bendera zote mbili, nimewaalika mwenyewe, mlango kwa mlango. Maji nimeyaacha chini ya mstari.

Wassalaam,

Mama Zuhura