Punje ya Nakra

Siku ya posho, jioni

Hasira imepungua, lakini kidole bado kinaitafuta ile punje iliyoharibika.

Nilimpelekea Papa Kabwe, fundi wa malakiti, lile jiwe la kijani, pale Kikula, rozari ya marehemu mume wangu afunge uzi uliokatika. Punje zake ni za nakra, ule utando wa ndani ya kombe, nyeupe zenye rangi za upinde wa mvua. Kabla sijakaa, akatonesha asidi juu ya moja, kama anavyopima mawe yake yote. Ikatokota.

"Mama, hii njo jiwe ya kweli. Inatoka mugodi gani?"

"Haitoke mu mugodi, Papa. Kuko kanyama ka mu maji. Kanaijenga ndani ya ganda yake, ngozi juu ya ngozi."

Akaipangusa. Mng'aro ulikuwa umekufa.

"Unisamehe, Mama."

Nilirudi nimekasirika, lakini nyumbani ningemlalamikia nani?

Nimefagia sebule leo pia. Viti ni vinne, ninakalia kimoja.

Ninawaza kale kanyama. Maisha yote kanang'arisha nyumba yake kwa ndani, gizani, kako peke yake. Watu wanauona ule mng'aro siku kenyewe hakapo tena.