Injini Niliyoisogeza Kulia

Neema mjukuu wangu, hapo Lubumbashi,

Huku ugenini Clairwood tunapumua. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume mwenye sauti kama honi ya lori. Umeniuliza kwa nini nafoka kila jina la Sipho linapotajwa. Haya, sikia.

Mwaka ule Kombe la Dunia lilipochezwa nchi hii nilikuwa mgeni hapa garaji. Bosi alinipa gari la kizamani, nilitie injini kubwa ya V8, na vyuma vya kuibeba nivitengeneze mwenyewe. Nikaisogeza injini kidogo kulia ili iupishe usukani, kama nilivyozoea kwetu. Lakini kwetu usukani uko kushoto. Hapa uko kulia! Fundi mwenzangu Sipho aliketi na chai yake, akanitazama nikichomelea mpaka chuma cha mwisho, ndipo akamwita bosi aje aone. Walicheka huku mimi nakata kila kitu kwa grainda.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza Sipho.

"Mzee, si ulisema wewe ni fundi?"

Eish! Mpaka leo damu inanichemka.

Lakini hilo ningekuwa nimeshalisahau. Mwaka jana alikuja fundi mgeni kutoka Bukavu, huko huko kwetu, naye akaisogeza injini kulia. Niliona mapema. Nikaketi, nikanywa chai yangu taratibu, nikisubiri achomelee.

Sipho ndiye aliyeinuka akamzuia. Tangu siku hiyo sitaki hata kusikia jina lake.

Babu yako