Kurasa Nilizofungia Karanga

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Karanga zimeiva vizuri. Karatasi za kufungia zikaniishia. Nikachana kitabu kimoja kisicho na jalada, kilikuwa chini ya kitanda. Karanga zote zimeisha hapo kituo cha daladala, Sekei.

Jumanne, 6 Oktoba
Mungu wangu. Kitabu kile ni cha shule, cha mwanangu Anaeli. Mtihani ni keshokutwa. Nimesoma kurasa zilizobaki: kinahusu kijana wa machimboni, mama mmoja anamdhania mwanawe aliyepotea. Kurasa za mwisho hakuna. Anaeli alipokiulizia nimemwambia ni panya. Naona aibu.

Jumatano, 7 Oktoba
Nimezunguka kituoni kuomba karatasi zangu. Wananicheka. "Mama Anaeli, karanga tumeshakula, sasa unataka na maganda?" Muuza ndizi akasema hadithi hiyo imetengenezewa video. Nimeingia kwenye banda la video mchana, mwanamke peke yangu. Mwishoni kovu la kijana linaonekana, kumbe ni mwanawe kweli. Wanakumbatiana. Nimelia sana. Nikakimbia kumwambia Anaeli mwisho huo, nikasema mwalimu fulani kanisimulia. Akaniangalia. "Asante, mama."

Alhamisi, 8 Oktoba
Asubuhi, Anaeli yuko kwenye mtihani. Fundi cherehani wa kituoni kaniletea ukurasa wa mwisho, alikuwa ameuchomeka kwenye mashine yake. Nimesoma kwa kidole, neno kwa neno.

Si mwanawe!

Yule mama alijua tangu siku ya kwanza. Alinyamaza tu kwa kuwa alimpenda. Video wamebadilisha. Na mimi nimempa mtoto uongo akaandike. Miaka minne ya shule, nimeiharibu mimi, kwa karanga. Nimekimbia hadi geti la shule. Mlinzi kakataa. "Mama, mtihani umeshaanza, rudi nyumbani." Nimekaa kwenye nyasi. Nimeshindwa hata kusali.

Ijumaa, 9 Oktoba
Jana alipotoka nilimpa ule ukurasa, una mafuta na chumvi. Nikasema yote. Anaeli akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, Jumatatu nilishaona watu wanakula karanga kwenye kitabu changu. Mwisho wake mwalimu alitusomea zamani. Nimeandika wa kitabu."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Si ulisema panya? Nikamwachia panya."

Sikujua nicheke au nilie.

Leo mvua ndogo, Mlima Meru hauonekani. Nimefunga karanga kwa magazeti. Kila karatasi nimeisoma kwanza.